Shamba Lililodhaniwa Lina Buba

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ninayoikumbuka mpaka leo kuliko hata asubuhi ya ndoa yangu. Mvua ilikuwa imenyesha kwa nguvu, na tulipofika shambani tukakuta ukingo wa chini wa shamba la maharagwe umemeguka na kuporomoka mpaka kwenye kijito. Mashamba ya Masisi yameegemea mlima, kwa hiyo ukingo kumeguka si habari kubwa. Watu hushika jembe, hutengeneza, maisha huendelea. Lakini siku hiyo udongo ulipoanguka uliiacha mizizi ya maharagwe ikining'inia nje, mibichi, imeoshwa na mvua, kila mtu aione. Na kwenye mizizi ile kulikuwa na vipele.

Nikupe kwanza habari zangu, maana bila kujua nilikotoka hutaelewa kwa nini vipele vya mizizi vilinitoa machozi. Mimi ni mtoto wa Walikale, wa msituni kabisa. Kwetu tulilima migomba na mihogo, wanaume waliwinda kwa nyavu, na shamba likichoka tuliliachia msitu, tukafyeka lingine. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, Wabelgiji wangali wanatawala, wakati Petro alipokuja kwetu na kundi la watu wa kazi ya barabara. Alikuwa kijana mpole, na hakuwa na haraka ya kuzungumza, jambo ambalo kwa mwanamume nililipenda sana. Tukafunga ndoa misheni, tukapanda kwa miguu mpaka kwao Masisi, kwenye mlima unaotazama upande wa Mweso. Haukupita muda akaitwa tena barabarani, akaniacha kwa mama yake.

Sitakudanganya kwamba nilipapenda pale siku ya kwanza. Baridi ya Masisi iliniingia mpaka kwenye meno. Asubuhi maharagwe, jioni maharagwe, na maharagwe yakikosekana basi majani ya maharagwe. Watu walinisalimu vizuri, hilo nisiwaonee, lakini baada ya salamu macho yao yalishuka kwenye miguu yangu. Nilikuwa na makovu ya buba kwenye miundi yote miwili. Kwetu msituni buba iliwakamata watoto wengi, vipele vinavimba, vinapasuka, vinakuwa vidonda, mpaka walipopita watu wa sindano. Mimi nilidungwa nikiwa msichana mdogo, nikapona kabisa. Huko juu milimani kwenye baridi buba ilikuwa nadra, na watu huogopa zaidi ugonjwa wasiouzoea.

Halafu kulikuwa na jambo la mafiga. Katika ukoo wa Petro, mke aliyeolewa hakuwa na jiko lake. Alikula kwenye chungu cha mama mkwe, akapewa shamba moja alilime msimu mmoja, na akivuna vizuri ndipo ukoo ulimletea mawe matatu ya jiko nyumbani kwake. Kabla ya mawe hayo wewe ni mgeni aliyekawia kuondoka. Akivuna vibaya, mazungumzo yalianza, na mazungumzo ya namna hiyo mara nyingi yaliishia kwenye njia ya kurudi kwenu. Kwa hiyo shamba lile la maharagwe halikuwa chakula tu kwangu. Lilikuwa ndoa yangu.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, wa maneno machache. Tulipanda pamoja, tukapalia pamoja, na mpaka asubuhi ile sikujua kama ananipenda au ananivumilia. Binti yake Felisita, dada mkubwa wa Petro, alikuwa ameolewa palepale mlimani na shamba lake lilipakana na langu. Alikuwa na mtoto mchanga, wa kwanza kuishi baada ya wengine kumfia. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiona mizizi.

"Mama, kuya uone," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Hii mizizi iko na buba."

Wanawake waliokuwa kwenye mashamba ya jirani wakaja. Waliinama, wakatazama vile vinundu vidogo, vingine kama kichwa cha pini, vingine vikubwa zaidi, vimejipanga kwenye nyuzi za mizizi. Halafu wakatazama majani. Ni kweli majani yalikuwa yamefifia, yamekuwa na unjano kidogo, nami kwa siku nzima kabla ya hapo nilikuwa nimejifanya sijaona.

"Njo ile ile ya mu miguu yake," Felisita akasema. "Mbele yake haikukuwaka hapa." Yaani kabla sijaja mimi, buba haikuwepo pale.

Utaniuliza, mwanangu, watu waliolima maharagwe tangu mababu zao, iweje wasijue mizizi yake? Nami nilijiuliza baadaye. Ni kwamba pale mlimani kung'oa haragwe bichi kulikuwa mwiko. Anayeling'oa likiwa bichi anaita njaa nyumbani kwake, ndivyo walivyofundishwa. Majani waliyachuma juu kwa juu wakapika. Maharagwe yalipokauka ndipo waling'oa mmea mzima na mizizi yake, wakabeba mpaka uani, wakapiga kwa fimbo, na mabua wakayachoma wapate majivu ya kuchuja chumvi. Wakati huo vinundu vimekwisha kunyauka na kubaki kwenye udongo. Hakuna aliyewahi kuviona, na mimi mtu wa migomba ndiyo kabisa.

Basi akaitwa Papa Mukubwa, kaka wa marehemu baba mkwe, ambaye ndiye aliyekuwa mwangalizi wa ardhi ya ukoo. Hakuwa mtu mbaya. Nakuambia hivyo kwa sababu wanaotoa hukumu mbaya mara nyingi si watu wabaya, na ukiwangoja wabaya utachelewa kujilinda. Alitazama mizizi bila kuigusa, kisha akasema:

"Shamba ikikuwa na ugonjwa, tunaing'oa mbele ipite mu zingine. Kesho asubui bijana batang'oa yote na kuchoma. Na huyu mutoto wa batu, tutamurudisha kwabo mupole, bila matusi."

Mupole, bila matusi. Nilishukuru kwa kichwa, maana ndivyo nilivyolelewa, nikapanda nyumbani. Nililia kwa hasira na kwa aibu, na zaidi kwa ajili ya Petro, ambaye angerudi kutoka barabarani akute mke ameondoshwa kama mchafu. Nikafunga nguo zangu, nikatia kwenye kitunga, nikaamua kuondoka mwenyewe mchana ule ule. Nilijiambia ni heri niende kuliko kupelekwa. Ujana una kiburi chake hata ukiwa unalia.

Nilipotoka mlangoni nikamkuta mama mkwe amesimama na jembe mkononi.

"Uko nakwenda wapi?"

"Kwetu, Mama. Mbele banirudishe."

"Ulisikia mimi nilisema kitu?"

"Hapana, Mama."

"Basi weka ile kitunga chini. Felisita anahukumu mbele ya kuona. Wewe unakimbia mbele ya mimi kusema. Haraka yenu ni moja."

Nilikuwa nimetegemea kuhurumiwa, nami nikakemewa. Lakini nakuambia, kemeo lile lilinishika kama mkono. Mtu haoni haja ya kumkemea anayemfukuza.

Akashuka, nami nikamfuata. Hakwenda kwenye shamba langu. Alikwenda moja kwa moja katikati ya shamba la Felisita, ambamo mimi sikuwahi kutia mguu, kwa kuwa Felisita mwenyewe hakutaka. Wanawake bado walikuwa pale wakizungumza, na Papa Mukubwa pia. Mama mkwe akachagua haragwe moja bichi, zuri, akalichimba pembeni, akaling'oa.

Mwanamke mmoja akajiziba mdomo. Mama mkwe hakuwatazama. Akakung'uta udongo, akaomba maji kwenye kibuyu, akaosha mizizi, akainyanyua. Vinundu vilikuwepo vilevile, labda vingi kuliko vyangu. Akaenda kwenye shamba lake mwenyewe nyuma ya nyumba, akang'oa na huko. Vilikuwepo.

"Felisita," akasema, "muke wa ndugu yako alikanyaga mu shamba yako siku gani?"

"Hakukanyagaka, Mama."

"Basi ile buba ilipita wapi?"

Ningependa kukuambia mambo yaliishia pale na watu wakaniomba radhi. Wanadamu hawako hivyo. Papa Mukubwa aliguna, akasema, "Basi mulima yote iko mugonjwa," na hofu iliyokuwa ya shamba moja ikawa ya mlima mzima. Mama mkwe akapasua kinundu kimoja kwa ukucha, na ndani kikawa na wekundu kama wa damu iliyochanganywa na maji. Papa Mukubwa akajifuta mikono kwenye koti lake, ingawa hakuwa amegusa kitu. Leo nacheka. Siku ile hakuna aliyecheka.

"Tungoje," mama mkwe akamwambia. "Tumuite moniteri."

Moniteri wa kilimo alikuwa kijana Mwafrika aliyetumwa na serikali kuzunguka milimani akiamrisha watu wachimbe mifereji ya kuzuia mmomonyoko. Alipoonekana kwa mbali, watu walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli upande wa pili wa mlima. Hakuwahi kuitwa na mtu. Nadhani ndiyo maana alifika kwetu uso umemkauka, akifikiri ameitiwa kupigwa. Alipoonyeshwa mizizi akapumua, akapiga magoti kwenye matope na suruali yake fupi ya kaki.

"Hii haiko ugonjwa," akasema. "Hii ni nyumba. Mu kila kamoja muko bidudu bidogo sana, macho haiwezi kubiona. Binaishi mu udongo. Haragwe ikianza kuota, muzizi unabifungulia, unabijengea nyumba, unabipa utamu yenye majani inatengeneza na jua. Nabyo binachukua kitu mu hewa, binafanya chakula ya haragwe."

"Wewe ulibiona?" Felisita akauliza.

"Na macho hii, hapana. Ku masomo tulibiona mu mikroskopi, kile kioo inakuzaka kitu kadogo. Lakini angalia huu wekundu. Kikiwa kyekundu ndani, binatumika kazi. Kikiwa na rangi ya majivu, kazi imekwisha."

Wengine walimwamini nusu, wengine hawakumwamini kabisa. Mama mkwe alikuwa amechuchumaa mbele yake, kinundu kiganjani, kama anasikiliza kesi.

"Na juu ya nini majani iko ya njano?"

"Sababu ni mwanzo, Mama. Kwanza haragwe njo inabilisha. Binakuwa bingali bidogo, habiyaleta kitu. Mungoje kidogo, mutaona."

"Kwa hiyo haragwe inabipokea na njaa yake?"

"Njo vile."

"Inabipa mbele ya kupewa?"

"Njo vile, Mama."

Akakiweka kinundu chini taratibu. Kisha akamgeukia binti yake, na mpaka leo naweza kuisikia sauti yake, isiyo na ukali wowote.

"Felisita, umesikia. Ile majani iko na akili kupita siye."

"Mama, niliogopa juu ya mutoto," Felisita akasema, naye akaanza kulia.

"Najua. Kuogopa haiko zambi. Lakini ulitwika mwenzako ile woga yako aibebe."

Papa Mukubwa akaamua shamba lising'olewe, tungoje mavuno. Kwake ilikuwa hukumu ya haki, na kweli ilikuwa ya haki. Nami nilijua maana yake: ndoa yangu ilikuwa imening'inizwa kwenye majani ya njano, na kazi yangu ilikuwa kuyatazama kila siku kama yanageuka.

Lakini kesho yake asubuhi nilisikia miguu uani. Mama mkwe alikuwa amebeba jiwe jeusi la mlimani, akalishusha mbele ya mlango wangu. Nyuma yake Papa Mukubwa alikuwa na la pili, amelikumbatia kwa shida, uso wake wa mtu aliyebishana na shemeji yake akashindwa. Wa mwisho alikuwa Felisita, mtoto mgongoni, jiwe la tatu kichwani. Alilitua karibu kabisa na miguu yangu.

"Mama," nikasema, "mavuno ingali. Shamba ingali ya njano."

"Nimeona," akajibu, akiwa amekwisha kupiga magoti kuyapanga mawe. "Leta moto."

Nilileta moto, mwanangu, nikiwa sioni vizuri ninakokwenda.

Majani yalikuja kugeuka, ndiyo. Yakawa ya kijani kizito, mpaka Papa Mukubwa akawa anapita njia ile bila sababu ili ayaone. Tulivuna vizuri. Kwenye shamba langu nilikata mabua kwa kisu nikaiacha mizizi ardhini, kama moniteri alivyoshauri, na mahindi niliyopanda baadaye yalisimama vizuri. Mama mkwe yeye aliendelea kung'oa ya kwake miaka mingi, kwa sababu mama yake alikuwa aking'oa. Usifikiri mtu mwenye hekima katika jambo moja ataacha ukaidi katika yote.

Baadaye sana mjukuu wangu mmoja aliyesomea mambo ya kilimo alinieleza zaidi. Vile vidudu vinaitwa bakteria. Hewa tunayovuta imejaa naitrojeni, wenzetu wa Kifaransa wanaiita azoti, na mmea unaihitaji lakini hauwezi kuila ikiwa hewani. Haragwe linaweza kusimama katikati ya chakula na likafa njaa. Bakteria nazo zinaweza kuitengeneza ikalika, lakini zinahitaji mahali pa kukaa na kitu cha kuzipa nguvu. Nilimsikiliza kwa furaha, nikamwambia nilikwisha kuyasikia mlimani, matopeni, kabla baba yake hajazaliwa. Hakuniamini sana, na mimi sikumlazimisha.

Sasa nikuambie ninachotaka ukishike, maana kesho utakuwa na nyumba yako, na watu wataingia na kutoka humo. Siku watakapokuonyesha kipele cha mtu mwingine, kabla hujasema ni ugonjwa, chimba kwanza shambani mwako mwenyewe. Chimba hata kama wanakuambia ni mwiko kutazama. Na siku kipele kitakapokuwa chako, usifunge kitunga haraka. Mtazame yule ambaye bado hajasema, umpe nafasi aseme.

Tena nisikilize hapa, kwa sababu wengi husikia hadithi hii na kuielewa nusu. Wanasema, kumbe mgeni ana faida, basi tumpokee. Hapana. Mama mkwe hakuleta mawe baada ya mavuno, alipokwisha kujua nina faida gani. Alileta majani yakiwa ya njano, mume wangu hayupo, ukoo haujatulia, na mimi sina cha kumwonyesha. Nilimlimia mpaka alipozeeka, nikamwosha kwa mikono hii alipofariki, na hakuna siku niliyohisi ninalipa. Ningekuwa nimepewa mawe yale baada ya mavuno, ningemheshimu. Kwa kuwa nilipewa kabla, nilimpenda.

Basi nenda, mwanangu. Mungu akupe nyumba itakayokupokea kabla hujaifaa kitu, na akupe moyo wa kumpokea hivyo hivyo atakayekuja mlangoni kwako hana kitu mkononi. Ardhi utakayoilima ikukubali. Uzao wako usiogope miguu ya mtu. Na jiko lako, popote utakapolipanga, lisikose moto.